Damu ya nani, kiasi gani, saa gani?

Yale jamaa ya mchimbaji inafaa kujua mbele ya kufika ku lupitalo

Mvua zikianza, mashimo ya zamani yanajaa maji. Ku Kasulo, ku Kapata, ku Musonoie, mpaka Kambove na Kipushi, kila shimo lililoachwa na maji yakatulia ndani linakuwa nyumba ya mbu. Kisha majuma machache, mistari inarefuka mbele ya mlango wa lupitalo: mama na mtoto mgongoni, kitambaa chenye maji juu ya paji la uso, kuponi mkononi.

Picha inayofuata, kila jamaa ya mchimbaji inaijua. Mtu anatumwa mbio ku chantier kuita papa wa mtoto. Papa anapanda kutoka mu shimo, anafika ku lupitalo na buti miguuni na vumbi kichwani. Munganga anamwambia: «Papa, damu ya mutoto iko naisha. Inafaa tumutie ingine leo leo. Grupu yako ni gani?» Papa anafungua mkono wa shati. Kisha nusu saa, labo inamjibu kwamba damu yake haifai kwa mtoto wake mwenyewe.

Hapo njo maswali yanaanza. Damu yangu inakataliwa juu ya nini? Ile ya mu frigo haijaharibika? Mbona munganga anatia kidogo na mfuko ungali umejaa? Na ugonjwa je, hauwezi kuingia pamoja na damu? Tumesikia maswali haya mara nyingi, na mara nyingi yanajibiwa ku lango la lupitalo na mtu asiyejua. Leo tunayachukua moja moja. Majibu mengine yametoka karibu na kwetu, ku Uganda, ku Kenya na ku Malawi, kwa watoto wanaougua malaria ileile inayougua watoto wa hapa.

Malaria inakula damu namna gani

Damu nyekundu inabeba hewa nzuri toka mu mapafu na kuipeleka ku moyo, ku ubongo, ku misuli. Kitu kinachoibeba kinaitwa hemoglobini. Mtoto mdogo mwenye afya ana gramu 11 au zaidi katika desilita moja ya damu. Mtoto wa malaria akishuka chini ya 5, waganga wanasema ni anemi kali, na maisha yake yako mu hatari.

Mdudu wa malaria anaingia ndani ya chembe nyekundu, anazaana humo, na kisha siku mbili hivi chembe inapasuka. Wadudu wapya wanatoka na kuingia mu chembe zingine. Lakini si chembe zenye wadudu peke yake zinazokufa. Mwili wenyewe, katika vita ile, unaharibu pia chembe nyingi zisizo na mdudu. Na mafuta ya ndani ya mifupa, kule damu mpya inakotengenezwa, yanapunguza kazi. Njo maana mtoto aliyekuwa anacheza siku ya posho anaweza kuwa mweupe viganja siku ya tatu.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui. Chembe zikipasuka kwa wingi, uchafu wake unabaki mu damu, na askari wa mwili, zile chembe nyeupe, wanashikwa na kazi ya kufagia. Kazi yao ya kuua bakteria inapungua nguvu. Hapo bakteria ya ukoo wa salmonela inapata njia ya kutoka mu matumbo na kuingia mu damu. Waganga wa Kongo wanaijua sana: mtoto anakuja na malaria na anemi, na nyuma ya malaria kumejificha ugonjwa mwingine unaotaka antibiotiki. Kwa hiyo damu peke yake haiponyeshi. Inampa mtoto muda ili dawa ifanye kazi yake.

Damu ya papa inakataliwa juu ya nini

Wazee wanasema damu ni nzito kuliko maji. Ni kweli, lakini ku labo hawapimi ukoo, wanapima grupu.

Mwaka 1901, munganga mmoja wa Vienna, Karl Landsteiner, alionyesha kwamba damu za watu si sawa. Juu ya chembe nyekundu kuna alama. Mwenye alama A ni grupu A, mwenye alama B ni grupu B, mwenye zote mbili ni AB, asiye na hata moja ni O. Na mu maji ya damu, kila mtu ana askari wanaopiga alama asiyokuwa nayo. Mtu wa A ana askari wa kupiga B. Mtu wa B ana askari wa kupiga A. Mtu wa O ana askari wa kupiga zote mbili.

Ukimtia mtoto wa O damu ya A, askari wake hawangojei. Wanapasua chembe zile zilizoingia, figo zinaziba, mkojo unakuwa mwekundu, na mtoto anaweza kufa saa hiyo hiyo. Mwili hauulizi kama damu ile imetoka kwa papa au kwa mgeni. Kwa sababu hii mtu wa O anapokea O tu. A anapokea A na O. B anapokea B na O. AB anaweza kupokea chembe za grupu zote. Halafu kuna rezusi, ile alama ya kujumlisha au ya kutoa inayoandikwa nyuma ya grupu. Binti au mama wa rezusi ya kutoa akipewa damu ya kujumlisha, mwili wake unaweza kujifunza kuipiga, na siku akibeba mimba, askari wale wanaweza kumpiga mtoto ndani ya tumbo.

Sasa tuseme wazi neno linaloharibu nyumba nyingi. Papa akiambiwa kwamba damu yake haipatani na ya mtoto, kuna wenye kurudi nyumbani na moyo mchafu: «Huyu mutoto haiko wangu.» Ndugu, hapana. Papa wa grupu A na mama wa grupu B wanaweza kuzaa mtoto wa O, wa A, wa B au wa AB, wote tumbo moja na baba mmoja. Kila mzazi anabeba alama mbili na kumpa mtoto moja tu, na alama ya O inaweza kujificha nyuma ya A au ya B miaka yote bila kujulikana. Papa wa A na mama wa A pia wanaweza kuzaa mtoto wa O. Swali la labo ni hili moja: damu hii itamsaidia mgonjwa huyu ao itamuua? Usichukue jibu lile kwenda kuhukumu bibi yako nalo.

Grupu O na malaria

Grupu ya mtoto mwenyewe nayo ina neno lake mu malaria. Chembe yenye mdudu inapenda kujishikamanisha na chembe zingine zisizo na mdudu, zinakuwa kama ua, na ua lile linaziba vinjia vidogo vya damu. Alama za A na B zinasaidia kushikana huko. Chembe za O hazishikani sana. Uchunguzi uliofanywa ku Mali na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watoto wa grupu O walipatwa na malaria kali kidogo sana kuliko wa grupu zingine, hatari ikishuka kwa theluthi mbili hivi.

Tusikie vizuri: kidogo haina maana ya hapana. Mtoto wa O anaumwa na mbu sawa na mwingine, anashikwa na malaria sawa na mwingine, na anaweza kuishiwa damu. Na siku akiishiwa, yeye njo mwenye shida zaidi kupata ya kutiwa, maana anataka O tu. Moskiteri ni ya grupu zote.

Kiasi gani: mbona munganga hatii yote?

Hapa njo kiini cha habari yetu. Kwa miaka mingi kiasi cha damu kwa mtoto kilikuwa mililita 20 kwa kila kilo ya mwili, kama damu ni nzima. Mtoto wa kilo 10 anapata 200. Mfuko wa mtu mkubwa una 450 hivi. Papa anatazama mfuko na kuuliza: «Munganga, tia yote, njo apone mbio.» Waganga wenyewe walikuwa na swali lile lile, sababu watoto wengi kisha kutiwa 20 walishuka tena na kutaka mfuko wa pili.

Walilipima swali hilo kwa uchunguzi ulioitwa TRACT, ku hospitali za Kampala, Mbale na Soroti mu Uganda, na Blantyre mu Malawi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Watoto 3.196 wenye hemoglobini chini ya 6 waligawanywa kwa kura: nusu walipewa mililita 20 kwa kilo, nusu 30. Wakawafuata siku 28.

Ukiwahesabu wote pamoja, tofauti ya vifo haikuwa kubwa ya kutosha kusema kitu. Lakini walipowatenga wenye homa na wasio na homa, mambo yalifunguka. Kwa watoto ambao mwili haukuwa na moto, wale waliopewa 30 walikufa chini ya nusu ukilinganisha na wale wa 20. Kwa watoto wenye homa, yaani zaidi ya digrii 37,5 saa ile ya kupimwa, ilikuwa kinyume: wale wa 30 walikufa karibu mara mbili ya wale wa 20.

Damu ileile, hospitali zilezile. Mwili wenye homa ni mwili ulio mu vita, na kuuongezea damu nyingi kwa mara moja si sawa na kuiongezea ile iliyotulia. Wataalamu wangali wanabishana juu ya sababu yake. Lakini kwa mzazi fundisho liko wazi: munganga akipima kwanza moto wa mwili, akipima kilo, kisha akatia sehemu tu ya mfuko, hakunyimi. Anahesabu. Nawe usifungulie mpira wa damu kwa siri ili iingie mbio.

Hii haikuwa mara ya kwanza Afrika kufundisha dunia neno hili. Mwaka 2011, uchunguzi mwingine ulioitwa FEAST, ku Kenya, Uganda na Tanzania, ulichukua watoto 3.141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Wengine walitiwa serumu nyingi kwa haraka, kama vitabu vilivyosema, na wengine hapana. Mu saa 48, waliotiwa kwa haraka walikufa zaidi ya 10 kwa 100. Wasiotiwa, 7 kwa 100. Vitabu vikabadilishwa. Kwa mtoto mwenye homa, kingi si dawa sikuzote.

Saa gani: leo ao kungoja?

Sheria ya Shirika la Afya Duniani ni hii: hemoglobini ikishuka mpaka 4, damu itiwe mbio. Kati ya 4 na 6, itiwe mbio kama mtoto ana alama mbaya: anapumua kwa nguvu na kifua kinaingia ndani, amepoteza fahamu, miguu na mikono ni baridi, moyo umeshindwa. Kama alama hizo haziko, munganga anaweza kungoja akimtazama na kumpima tena na tena.

Wazazi wengi wanaona kungoja huko ni uzembe. TRACT ilikipima pia. Watoto 1.565 wa kati ya 4 na 6 wasio na alama mbaya waligawanywa: wengine walipewa damu palepale, wengine walingojewa na kupewa tu kama wakishuka. Kisha siku 28, vifo havikupishana kwa namna ya kuhakikisha. Wa kungoja, karibu nusu waliishia kupewa damu, lakini nusu ingine hawakuihitaji hata kidogo. Mfuko wao ulibaki kwa mtoto mwingine.

Lakini angalia neno moja: walingojewa ndani ya lupitalo, wakipimwa. Kungoja nyumbani, ku chumba cha maombi ao kwa muuza dawa wa njiani ni jambo lingine kabisa. Mtoto wa hemoglobini 3 akipumua kwa shida hana siku ya kungoja. Ana saa chache.

Damu ya frigo

«Mimi nataka damu ya moto, ile ya ndugu yangu, haiko ya frigo.» Neno hili tunalisikia kila wakati. Ni kweli kwamba damu ikikaa, chembe zingine zinapasuka na chuma kinatoka ndani yake, na bakteria inapenda chuma. Kwa hiyo waganga nao waliogopa kwamba damu ya zamani inaweza kuwasha ugonjwa.

Walipima ku Mulago, Kampala. Watoto 290 wenye anemi kali na damu iliyojaa asidi kwa kukosa hewa walipewa, kwa kura, damu ya siku 1 mpaka 10 ao ya siku 25 mpaka 35. Matokeo ya mwaka 2015: damu iliyokaa ilisafisha asidi ile sawasawa na mpya. Ku nchi za Ulaya na Amerika, uchunguzi mkubwa kwa watu wazima haukuona tofauti ya vifo pia.

Basi damu iliyotunzwa kati ya digrii 2 na 6, tarehe yake haijapita, imepimwa magonjwa, ni damu nzuri. Na ina faida moja kubwa: iko tayari. Mtoto anayekufa saa nane ya usiku hangojei mjomba apande toka mu shimo. Kitu cha kuogopa ni frigo iliyokosa umeme, ao mfuko uliotolewa na kubaki mezani juani. Hapo una haki ya kuuliza.

Chembe nyeupe za mwenzako

Mfuko wa damu nzima una chembe nyekundu, maji ya damu, na pia askari weupe wa yule aliyetoa. Askari hawa wanaingia mu mwili usio wao. Mara nyingi wanaleta homa na kutetemeka kisha kutiwa, bila hatari kubwa. Lakini wana tabia nyingine: wanaweza kulegeza askari wa mgonjwa. Jambo hili lilishangaza waganga mwaka 1973, walipoona kwamba wagonjwa waliowekewa figo ya mtu mwingine waliishika figo ile vizuri zaidi kama walikuwa wametiwa damu mbele. Mwili ulikuwa umezoea wageni. Kwa figo ni faida. Kwa mtu anayepigana na bakteria inaweza kuwa hasara.

Kwa sababu hiyo na zingine, Ufaransa tangu 1998, na Uingereza na Kanada kisha 1999, zinachuja chembe nyeupe mu mifuko yote. Kwetu, hospitali nyingi zinatia damu bila kuichuja. Zile zenye mashine zinaweza kutenga chembe nyekundu peke yake, na kiasi chake ni nusu: mililita 10 kwa kilo mahali pa 20. Ukiona mtoto wa jirani amepewa kidogo kuliko wako, labda ni sababu hii.

Jamaa zenye watoto wa SS, yaani drepanositozi, wasikie zaidi. Mtoto wa SS anatiwa damu mara nyingi maishani, na kila mara mwili wake unaweza kujifunza kupiga alama zingine ndogondogo zisizo A wala B. Siku moja labo inahangaika kumpatia damu inayopatana. Andikeni mu kitabu kimoja tarehe ya kila damu aliyotiwa, grupu, na kama alipata homa ao mkojo mweusi. Kitabu kile kisafiri naye. Na msikubali atiwe damu bila sababu ya nguvu.

Damu isilete ugonjwa

Kizazi cha wazee wetu kinakumbuka. Miaka ya 1980, ku Kinshasa, watoto wengi wa malaria waliookolewa na damu walipata virusi vya SIDA mu damu ileile, kwani hakukuwa kipimo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1988 ulionyesha njia ile wazi: malaria inaleta anemi, anemi inaleta damu, damu inaleta virusi. Tangu hapo kila mfuko inapaswa upimwe SIDA, epatiti B, epatiti C na kaswende. Una haki ya kuuliza: «Hii damu imepimwa?» Si kumtukana munganga.

Hata hivyo kipimo kina dirisha lake: mtu aliyeambukizwa juma hili anaweza kutoonekana. Kwa hiyo damu salama kuliko zote ni ya mtu anayetoa bure, anayerudi kutoa mara kwa mara, asiyekuwa na sababu ya kuficha maisha yake. Mwenye kuuza damu ku lango ana sababu ya kusema uongo: anataka feza. Na jamaa aliyelazimishwa mbele ya mama mkwe, hata yeye hatasema ukweli wake.

Wewe mchimbaji, damu yako

Wakrezeri wengi wanatuambia: «Nikitosha damu, nitashuka namna gani mu shimo? Nguvu itaisha.» Tuhesabu. Mtu mkubwa ana litre 5 hivi za damu. Wanachukua mililita 450. Maji yake yanarudi mu siku moja ao mbili ukinywa vizuri. Chembe zinarudi mu majuma machache. Mwanaume anaweza kutoa kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne, mwenye miaka 18 na zaidi, mwenye kilo 50 na zaidi, asiye mgonjwa.

Ila siku ile usishuke. Kisunguzungu ku kamba, ao mu tuneli isiyo na hewa, kinaua. Toa damu siku ya mapumziko, ao kisha kazi wakati huna zamu ya usiku. Kula mbele, kunywa maji mengi kisha, lala. Wenzako wa ekipi wakushikie nafasi kesho yake kama unaona ungali mlegevu.

Na kuna faida unayopata papo hapo: unajua grupu yako. Iandike ku karatasi, uiweke mu telefoni na mu mfuko. Siku udongo ukianguka, wenzako watajua waseme nini ku lupitalo, ijapokuwa labo itapima tena sikuzote. Ekipi ya watu ishirini ambamo kila mmoja anajua grupu yake, na watano wanatoa kwa zamu, ni benki ya damu ya mtaa mzima wakati wa mvua. Tarehe 14 mwezi wa sita, siku aliyozaliwa Landsteiner, ni Siku ya Watoa Damu Duniani. Lakini mwezi wa sita mbu ni wachache. Mfuko unaohitajika zaidi ni ule wa mwezi wa kwanza na wa pili, mvua zikiwa katikati.

Ku kitanda, na kisha kurudi

Mama, wewe njo jicho la kwanza. Mbele ya kumpeleka, fungua kiganja cha mtoto ukilinganishe na chako. Kikiwa cheupe, usingojee kesho. Mkojo wa rangi ya Coca, kupumua mbio, kulala bila kuamka kunyonya: mbio ku lupitalo.

Mfuko ukifika, sikiliza munganga akisoma jina la mtoto na grupu yake, ulinganishe na jina lililoandikwa. Vitanda vinafanana, na usiku majina yanachanganyika. Dakika kumi na tano za kwanza, usiende kuteka maji. Mtoto akianza kutetemeka, kuvimba ngozi, kulia mgongo, kupumua vibaya, ao mkojo ukiwa mwekundu, ita kwa sauti wafunge damu. Mfuko mmoja usipite saa nne ukining'inia.

Na usifikiri vita imeisha siku ya kutoka. Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria anabaki dhaifu miezi mingi, na wengi wanarudi ao wanafia nyumbani. Uchunguzi wa Kenya na Uganda uliotangazwa mwaka 2020, kwa watoto 1.049, ulionyesha kwamba dawa ya kuzuia malaria, inayotolewa mara tatu katika miezi ya kwanza nyumbani, ilipunguza vifo na kurudi ku lupitalo kwa 70 kwa 100 mu miezi ile. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi zifanye hivyo. Uliza munganga mbele ya kutoka: «Kuna dawa ya kumukinga akirudia nyumba?» Kama haiko, basi moskiteri kila usiku, kipimo kila homa, na tarehe ya kumrudisha kupima damu.

Papa yule tuliyemuacha ku labo, damu yake ya A haikufaa kwa mtoto wa O. Lakini mu frigo kulikuwa mfuko wa O, wa mtu asiyemjua. Munganga akatia 200, mtoto akiwa na homa, akafunga mfuko. Kesho yake papa anaweza kurudi ku dirisha lile lile na kutoa yake ya A. Kuna mtoto wa A anayekuja.